Kulala Porini: Tuliyojifunza Saadani Kuhusu Sala, Maji na Adabu za Kambi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Katika somo letu la mwaka huu tumeona ni vyema tuzungumzie mambo ya fiqhi tuliyokutana nayo tulipolala usiku mmoja kwenye mahema katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Wengi hudhani kuwa ziara ya namna hii ni ya kutazama wanyama tu. Nasi tuliondoka Bagamoyo na fikra hiyo hiyo. Tulibeba mchele, unga, vyandarua na tochi, lakini elimu ya safari tuliiacha madrasani. Kosa hilo lilikuwa letu sisi walimu, si la watoto, na ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

SAADANI NI MAHALI GANI?

Saadani ipo kaskazini ya Bagamoyo, ng'ambo ya mto Wami, katika mwambao unaotazamana na Unguja. Zamani za misafara ilikuwa bandari kama ulivyokuwa mji wetu, na Bwana Heri wa Saadani ni miongoni mwa viongozi wa pwani waliopigana na Wajerumani katika vita vilivyoanza mwaka 1888. Eneo hili lilikuwa pori la akiba tangu miaka ya 1960, kisha mwaka 2005 likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 1,100.

Jambo linaloitofautisha Saadani na hifadhi nyingine ni kuwa hapo nyika inakutana na Bahari ya Hindi. Twiga, tembo, nyati, kuro, ngiri, palahala na simba wanaishi karibu na mikoko na mchanga wa pwani. Katika mto Wami wamo viboko na mamba. Na katika ufukwe wa Madete kasa hupanda nchi kavu usiku kutaga mayai.

Kulala kwenye hema si jambo geni katika dini yetu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya makazi, ikiwemo ile ya nyumba nyepesi za ngozi ambazo watu huzibeba siku ya safari na siku ya kutua. Basi hema ni neema, na kila neema ina adabu zake.

KOSA LETU LA KWANZA: KUPUNGUZA SALA

Tulikuwa na mwalimu mgeni aliyetoka Morogoro kwa ajili ya ziara hii. Ulipofika wakati wa Isha tulimtanguliza kuwa imamu. Kabla ya takbira alitugeukia akasema kuwa yeye ni msafiri, atasali rakaa mbili, nasi tutimize nne. Alipotoa salamu, sisi watu wazima tukasimama kutimiza. Lakini safu nzima ya vijana nyuma yetu walitoa salamu pamoja naye wakaanza kukunja miswala. Tulipowauliza, mmoja akajibu kwa adabu, "Maalim, si sote tuko safarini?"

Swali hilo ni zuri, na lilistahili kujibiwa darasani kabla ya kupanda gari. Jibu lake ni hili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, si kila safari inaruhusu kupunguza sala. Sharti safari iwe ya halali, iwe na mahali maalumu panapokusudiwa, na umbali wake ufikie marhala mbili. Wanavyuoni wa zama hizi wanaukadiria umbali huo kuwa kilomita 80 na zaidi kwa kwenda tu, bila kuhesabu kurudi.

Sasa tupime. Kutoka Bagamoyo hadi Saadani kwa njia ya moja kwa moja ni kama kilomita 60. Kwa hiyo mtu wa Bagamoyo anayekwenda Saadani kwa njia hiyo anasali sala zake kamili, wala hakusanyi Adhuhuri na Alasiri kwa sababu ya safari hiyo. Mgeni wetu wa Morogoro safari yake ilipita kilomita 150, naye hakukusudia kukaa siku nne kamili, basi alikuwa na ruhusa. Hema lilikuwa moja, chakula kimoja, lakini hukumu ni mbili.

Vijana wale walikuwa wamenuia rakaa mbili pasipo kuwa na ruhusa nazo, basi tuliwaambia waisali Isha upya, rakaa nne. Tuliona aibu, kwa kuwa baadhi yao walikwishabaleghe na sala ni deni shingoni mwao. Laiti yule kijana asingejibu, wangelala na sala isiyotimia, na dhima ingekuwa juu yetu.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Ipo njia nyingine ya kwenda Saadani, ya kuzunguka Msata na Mandera. Bagamoyo hadi Msata peke yake ni kilomita 64, na kutoka Mandera hadi Saadani ni kama kilomita 60, mbali na kipande cha barabara kuu kilichopo kati. Njia hiyo inapita marhala mbili. Je, aliyezunguka atapunguza? Wanavyuoni wa Kishafi wamejibu kuwa inategemea kusudio. Akiwa amezunguka kwa sababu inayoeleweka, kama njia fupi kujaa maji ya masika au njia ndefu kuwa na usalama zaidi, anapunguza. Akiwa amezunguka ili apate kupunguza sala tu, hana ruhusa. Tazameni namna fiqhi inavyoangalia barabara na moyo wa mwenye kusafiri kwa pamoja.

KIBLA BILA MSIKITI

Porini hakuna mihrabu. Lakini Makka kwetu iko karibu sawasawa na kaskazini. Waliowahi kutembelea magofu ya Kaole wanakumbuka kuwa mihrabu ya msikiti ule wa kale inaelekea kaskazini, na Saadani ni vivyo hivyo. Ukisimama Saadani, bahari ya mashariki iwe mkono wako wa kulia na machweo mkono wa kushoto, umekaribia sana kibla. Ila jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima: mwezi wa Juni huelekea kaskazini ya mashariki, na Desemba kusini yake. Kwa hiyo dira ni bora zaidi.

Usiku tumia nyota. Nyota ya kaskazini inayotajwa katika vitabu vingi haionekani kwetu, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Lakini kama katikati ya mwaka mbingu ni safi, zile nyota nne zinazoitwa Msalaba wa Kusini huonekana jioni. Zipe mgongo zinaposimama wima, nawe utakuwa umeelekea kaskazini.

KOSA LETU LA PILI: MAJI YA ALFAJIRI

Kambi ya hifadhini kwa kawaida haina uzio. Askari wa wanyamapori alitukataza mtu yeyote kutoka hemani usiku bila yeye kuja na tochi na silaha. Tuliitika sote. Tulichosahau ni kuingiza madumu ya maji ndani ya mahema. Yote yalibaki jikoni, hatua kama arubaini.

Kabla ya Alfajiri tulisikia mnyama mkubwa akitafuna majani karibu na hema la wavulana. Baadaye tuliambiwa ni kiboko aliyetoka mtoni kula nyasi. Kijana mmoja, naye ni katika wanaojitahidi sana, alikwishafungua zipu ya hema aende kutia udhu asiikose jamaa. Mwenzake akamshika kanzu. Wakabaki wakibishana kwa kunong'ona: huyu anasema sala haingoji, yule anasema nafsi haina badala.

Wote wawili walikuwa na jambo la haki, lakini fiqhi iko na yule aliyeshika kanzu. Mwenye kuogopa kwa dhati kuwa mnyama atamdhuru akiyaendea maji ni kama mtu asiye na maji, na ameruhusiwa kutayamamu. Si udhaifu wa imani kukaa hemani. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Kwa Mashafi tayamamu ni kwa udongo wenye vumbi. Mchanga mtupu wa pwani usio na vumbi hautoshi, lakini vumbi la udongo lililotanda juu ya begi au turubai linatosha. Na mwenye uhakika wa kupata maji kabla ya wakati kwisha, kungoja ni bora kwake. Ndivyo ilivyokuwa. Askari alikuja, kiboko akaenda zake, tukatia udhu na kusali kabla jua halijachomoza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwa kuwa Saadani ina bahari, kukosa maji baridi si kukosa maji. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabaharia waliokuwa na maji machache ya kunywa kama watie udhu kwa maji ya bahari, akawajibu kuwa maji yake yanatoharisha, na mfu wake ni halali. Chumvi haimzuii mtu kutawadha.

ADABU ZA KAMBI ALIZOTUFUNDISHA MTUME (S.A.W.)

Jioni ile askari alitupa masharti ya kambi, na kila aliposema jambo tulitazamana, kwa kuwa tuliyakuta katika Hadithi.

1. Alisema mahema yasipigwe kwenye mapito ya wanyama. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alituamuru tunapotua usiku tujiepushe na njia, kwani ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu usiku.

2. Alisema chakula na vyombo vifunikwe na moto uzimwe. Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) amri ya kufunika vyombo na kuzima taa wakati wa kulala. Porini, sufuria iliyoachwa wazi huwaita fisi na nyani.

3. Alisema tukung'ute matandiko na viatu. Imepokewa kuwa mwenye kwenda kulala akung'ute kitanda chake, kwani hajui ni kitu gani kimeingia baada yake.

4. Alisema tusichezee mashimo. Nasi tumekatazwa kukojoa katika shimo la ardhini, na pia kujisaidia njiani na kwenye kivuli cha watu.

5. Nge au nyoka akiingia ukiwa ndani ya sala, imeruhusiwa kumuua. Lakini mnyama asiyekudhuru katika hifadhi si wako kumgusa.

Juu ya hayo, iko dua ya mwenye kutua mahali, aliyoipokea Khawla bint Hakim (r.a.), ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya alivyoviumba. Kila mwanafunzi aihifadhi kutoka kwa mwalimu wake. Dua haiondoi haja ya kufunga zipu ya hema, na zipu haiondoi haja ya dua.

WANYAMA NI AMANA

Asubuhi kijana mmoja aliuliza kuhusu mayai ya kasa, kama mtu akiyakuta anaweza kuchukua mawili tu. Tulimkumbusha kisa kilichopokewa na Abu Daud. Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Mafundisho hayo yalitangulia sheria za hifadhi kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Anayevunja sheria hizi leo anavunja ahadi ya nchi yake, na tena anakwenda kinyume na huruma ya Mtume wake.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wengi mlituuliza kama inafaa watoto kulala porini. Tunaona inafaa kwa masharti: ruhusa ya mzazi, mahema ya wavulana na wasichana kuwa mbalimbali na walimu wa kike kuwa pamoja na wasichana, askari wa hifadhi kuwepo, na kutofanya mzaha na amri zake. Nasi tunaongeza sharti ambalo hatukulitimiza: kila mtoto afundishwe hukumu za safari, tayamamu na kibla kabla ya kuondoka. Tangu tuliporudi hatupandi gari kwenda popote kabla ya darasa hilo.

MASWALI YA ZOEZI

1. Mtu wa Bagamoyo amekwenda Saadani kwa njia fupi akalala usiku mmoja. Atasali Isha rakaa ngapi? Eleza sababu.

2. Amina na Salma wamezunguka kupitia Msata. Amina amefuata njia hiyo kwa kuwa njia fupi imejaa maji, Salma ili apunguze sala tu. Ni nani mwenye ruhusa?

3. Mkazi amesali nyuma ya msafiri anayepunguza. Afanye nini imamu akitoa salamu?

4. Taja mambo matatu ya kambi ambayo amri ya Hadithi na ya askari wa hifadhi inakubaliana.

5. Simama uani kwenu jua linapochomoza, uoneshe kibla bila dira. Kisha hakikisha na mzazi wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wenye kumkumbuka nyumbani na safarini. Amin.

Wabillahi tawfiq.