Nani Amsimamie Msimamizi? Somo kwa Vijana Kuhusu Sheria za Redio na Mitandao



Leo tunaingia kwenye mada ambayo tunaijadili sana vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, ila ni mara chache tunakaa nayo kwa utulivu: je, serikali iwe na mkono kwenye redio, televisheni na intaneti? Mmoja anasema, "Waacheni watu waongee, huo ndio uhuru." Mwingine anajibu, "Mitandao imejaa matusi na uongo, bora wafunge tu." Kila mmoja ana mifano yake, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kwenye falsafa tunafundishwa jambo moja la msaada hapa: kabla hujaipinga hoja, ieleze vizuri kiasi kwamba mwenye hoja aseme, "Ndiyo, hicho ndicho ninachosema." Basi tuanze hivyo.

1. Wanaotaka usimamizi wana hoja gani?

Hoja ya kwanza ni ya kawaida kabisa: masafa hayatoshi. Vituo viwili vya redio vikirusha kwenye masafa yaleyale katika mji mmoja, msikilizaji anaambulia mikwaruzo. Lazima awepo wa kugawa. Ndiyo maana Radio Maria Tanzania, kama kituo kingine chochote, inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Hapo hakuna uonevu. Ni kama trafiki kwenye makutano ya barabara.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na iko jirani yetu. Julai 1993 nchini Rwanda kilianza kituo cha redio kilichoitwa RTLM. Vijana walikipenda: muziki mzuri, utani, watangazaji wanaoongea kama watu wa mtaani. Katikati ya muziki na utani, ikapenyezwa chuki dhidi ya Watutsi. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio ile ilifika mahali pa kutaja watu kwa majina na kueleza walipo, ili wafuatwe.

Kesi yake ilisikilizwa hapahapa kwetu Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Desemba 2003 mahakama iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hakuna kati yao aliyeachiwa huru. Kwa hiyo anayesema "maneno ni maneno tu" ana deni la kujibu.

Na tusiende mbali sana. Mfikirie binti ambaye picha zake za faragha zimesambazwa na mtu aliyemwamini. Ukimwambia kwamba serikali isijihusishe na mitandao, unamwambia abaki peke yake na aibu yake. Yule anahitaji sheria, polisi na hakimu, tena haraka.

2. Lakini ngoja kidogo

Kuna jambo kwenye habari ya Rwanda ambalo wengi hatulisikii. RTLM haikukosa msimamizi. Kituo kilikuwa kimeingia mkataba na serikali kwamba hakitarusha vipindi vya kuchochea chuki. Na waziri wa habari alikuwepo, Faustin Rucogoza, ambaye aliwaita wakuu wa kituo na kuwaonya waziwazi. Hawakumsikiliza, kwa sababu nyuma ya redio walikuwepo watu wakubwa waliokuwa karibu na rais. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji yale, Rucogoza aliuawa.

Tulitafakari hilo. Kanuni ilikuwepo, na wa kuisimamia alikuwepo. Kilichokosekana ni msimamizi ambaye wenye nguvu hawawezi kumgusa. Shika hapo, maana tutaihitaji hoja hii.

3. Wanaoogopa usimamizi wana hoja gani?

Sasa twende nyumbani. Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Anayekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Watetezi wa haki na wanablogu walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, wakapata zuio la muda, kisha zuio hilo likaondolewa. Juni mwaka huo JamiiForums ikazima huduma zake kwa muda. Kanuni zile zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena mwaka 2022, lakini somo lake bado tunalo.

Jiulize: kijana wa Sumbawanga anayeandika kuhusu kilimo cha mahindi angeitoa wapi milioni mbili? Bei peke yake inatosha kumnyamazisha mtu, bila askari kufika mlangoni kwake. Tena orodha ya maudhui yaliyokatazwa iligusa hata yale "yanayokera". Jamani, yanayomkera nani? Mimi nakereka na mashabiki wa timu pinzani kila Jumamosi.

Miezi michache kabla, Januari 2018, vituo vitano vya televisheni vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60. Vilikuwa vimetangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani. Februari yake, Maaskofu wetu waligusia suala la vyombo vya habari kufungiwa katika ujumbe wao wa Kwaresima. Na huko Kenya, tarehe 30 Januari 2018, serikali iliizima mitambo ya NTV, KTN na Citizen siku Raila Odinga alipojiapisha. Mahakama iliamuru irudishwe, na bado zikapita siku kadhaa kabla matangazo hayajarudi. Hiyo ni nchi ambayo Katiba yake ya 2010, ibara ya 34, inataka chombo cha kuweka viwango vya habari kisiwe chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara.

Jambo hili si geni. Fungua Yeremia sura ya 36. Nabii anamwandikisha Baruku maonyo kwa ajili ya taifa, na kitabu kinafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ni majira ya baridi, mfalme anaota moto. Kila zikisomwa safu tatu au nne, anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka kitabu chote kinakwisha. Halafu anaagiza Yeremia na Baruku wakamatwe. Alikuwa na mamlaka halali, ndiyo. Ila alichokichoma kilikuwa kinamhusu yeye.

Rudi nyuma sura chache, kwenye sura ya 28, umkute Hanania, nabii wa uongo aliyewapa watu matumaini hewa. Kitabu kilekile kinakubali kwamba uongo mbele ya umma unaua, na kinakubali kwamba mfalme anaweza kuuchoma ukweli. Tusichague sura moja tukaificha nyingine.

4. Vipimo vitatu

Kwa hiyo swali la "serikali isimamie au isisimamie?" halitoshi. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatupa swali bora zaidi: sheria ni nini hasa? Kwake, sheria ni mpango wa akili, kwa ajili ya mafao ya wengi, uliowekwa na mwenye dhamana ya jumuiya na kutangazwa kwa watu. Kutoka hapo tupate vipimo vitatu.

*Kwanza, iwe wazi.* Sheria inatangazwa ili watu waweze kuifuata. Neno kama "kukera" halikuambii ukomee wapi. Unajua umevuka mpaka pale tu unapokamatwa. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ikipitia Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, ilikuta vifungu kadhaa vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na kutoeleweka kwa maneno ni sehemu ya tatizo.

*Pili, ilingane na kosa.* Thomas huyohuyo anafundisha kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila dhambi. Inakataza yale mazito, hasa yanayowadhuru wengine. Kuchochea mauaji, kumdhalilisha mtoto, kutapeli, kumchafulia mtu jina: hayo yakatazwe. Lakini kukosea takwimu, au kumkosoa diwani kwa lugha kali, hakuwezi kubeba adhabu inayofilisi familia.

*Tatu, anayeamua asiwe anayelalamikiwa.* Wahenga walishatuonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Kama waziri ndiye anayekosolewa, na waziri huyohuyo ndiye anayeweza kulifungia gazeti, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, nafasi yenyewe inamjaribu. Na hapa ndipo Rucogoza anarudi. Yeye alikuwa upande wa haki, akashindwa kwa sababu uamuzi ulikuwa mikononi mwa wakubwa. Chombo huru, chenye wajumbe wasioteuliwa wala kutumbuliwa na mtu mmoja, na mahakama ya kukata rufaa, kinamlinda mwandishi dhidi ya serikali mbaya. Kinamlinda pia raia dhidi ya redio mbaya yenye marafiki wakubwa.

Kanisa limetembea njia hii muda mrefu. *Inter Mirifica*, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1963, inaitaja haki ya watu kupata habari na inaipa dola wajibu wa kulinda uhuru wa kweli wa habari. Mwaka 2002, hati ya Vatikano kuhusu maadili ya intaneti ilikubali sheria za haki dhidi ya chuki, kashfa na utapeli, ila ikasisitiza kwamba serikali kuyazuia maneno kabla hayajatoka ni jambo la kuepukwa.

5. Na sisi?

Mafundisho jamii ya Kanisa yana kitu kinaitwa kanuni auni: lile ambalo ngazi ya chini inaweza kulifanya vizuri, ngazi ya juu isilinyakue. Tunapenda kuitumia kanuni hii dhidi ya serikali. Sawa, lakini inatudai na sisi. Kama hatutaki TCRA iingie kwenye kila grupu, basi admini wa grupu la kwaya awe na ujasiri wa kufuta ujumbe wa kumchafua mtu. Kama hatutaki waziri awe mhariri, mwandishi akikosea asahihishe kwa ukubwa uleule aliokosea nao. Waandishi wenyewe walianzisha Baraza la Habari Tanzania mwaka 1995, mlalamikaji apate pa kwenda bila gazeti kufungwa. Huo ndio mfano wa kanuni auni ikifanya kazi.

Na rasimu za sheria zinapotolewa kwa ajili ya maoni, tusiwaachie wanasheria tu. Isome na kikundi chako cha VIWAWA au TYCS, mwandike barua ya ukurasa mmoja kwa lugha ya kawaida. Kijana anayelalamika mwaka mzima kwa kutumia bando lake anaweza kutenga jioni moja kwa hilo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja ujumbe mmoja uliosambaa mtaani kwenu na kumuumiza mtu. Ungetaka nani achukue hatua: familia, admini, Jumuiya, polisi au mahakama? Kwa nini?
2. Chukueni sheria moja ya habari mnayoifahamu, muipitishe kwenye vipimo vitatu. Inafaulu wapi, inaanguka wapi?
3. Ukipewa leo uwezo wa kufungia chombo cha habari kinachokukera zaidi, ungetaka nani awe na mamlaka ya kukuzuia?

Swali la tatu msilipite haraka. Anayelijibu kwa uaminifu, hata akija kuwa waziri, atakuwa ameshajifunza kitu.