Ilinde Alama ya Upimaji: Mwongozo kwa Wakazi wa Nunguni na Milima ya Kilungu

Alama ya msingi ni nini?
Ni nukta iliyowekwa ardhini na kupimwa kwa uangalifu mkubwa hadi mahali pake pakajulikana kwa hakika. Yaweza kuwa nguzo ya zege kileleni, au chuma kilichozikwa ndani ya zege. Haionyeshi mpaka wa shamba la mtu yeyote. Ila mipaka, barabara, mabomba ya maji na ramani nzima hupimwa kuanzia hapo, kama fundi anavyovuta kamba kabla ya kupanga tofali la kwanza.

Kwa nini nyingi ziko milimani?
Kabla ya setilaiti, mpimaji alisimama kileleni, akalenga vilele vingine kwa theodolaiti na kupima pembe za pembetatu kubwa. Alihitaji mahali panapoonekana kutoka mbali, na Ukambani ina milima ya namna hiyo. Kazi hiyo haikuruhusu uzembe. Pembe ikipotoka kwa digrii 1 tu, baada ya kilomita 1 kosa limefika mita 17 na nusu, zaidi ya upana wa ploti ya futi 50 kwa 100.

Je, simu yangu haitoshi?
Haitoshi kwa mipaka. Simu yenyewe hukosea kwa mita kadhaa. Tena, ramani za Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti za simu hutumia WGS 84. Kwa mahali pale pale, mifumo hii hupishana kwa takriban mita 300. Mpimaji huioanisha kwa kutumia alama za msingi ambazo nafasi zake zinajulikana katika mifumo yote miwili. Alama zikipotea, kazi hiyo huwa ngumu na ghali, na migogoro ya ardhi huchelewa kutatuliwa.

Ufanye nini?
- Unapochimba matuta, msingi wa nyumba au kokoto, iache alama na udongo unaoishikilia.
- Usiing'oe ili kuuza chuma chake. Chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, kuharibu alama ni kosa.
- Mvua ikimomonyoa udongo kando yake, au barabara ikipangwa kupita hapo, mwarifu mapema naibu wa chifu au ofisi ya upimaji ya kaunti.
- Waonyeshe watoto na vibarua wako mahali ilipo.

Ikishang'oka je?
Usiirudishe mwenyewe, hata kama unakumbuka shimo lake. Alama iliyopotea mpimaji ataikosa, naye atatafuta nyingine. Iliyorudishwa kwa kukisia ataiamini, na kosa lake litaingia katika kila shamba litakalopimwa kutoka hapo. Iache ilivyo, kisha toa taarifa siku hiyo hiyo.