Canter ya zamani au ya kisasa: jinsi ya kuzilinganisha kabla hujatoa fedha yako ya nyanya

Msimu wa nyanya ukichanganya hapa Ilula, vijiweni huibuka swali moja: mtu kajibana, kapata fedha ya gari, amechoka kukodi. Achukue Canter ya zamani yenye injini ya 4D33, au aongeze fedha apate hii ya kisasa yenye kabini pana? Nimesafirisha mzigo Dar es Salaam kwa zote mbili, na ninamwandikia yule anayenunua gari moja tu, ambalo likilala porini biashara yote imelala.

Kwanza hakikisha unalinganisha magari ya ukubwa mmoja. Jina Canter limebeba magari mengi: bodi fupi na ndefu, tairi moja moja nyuma na tairi pacha, ya tani mbili na ya tani tatu. Chukua futi, pima urefu na upana wa bodi ndani, kisha hesabu ni matenga mangapi yatakaa kwenye mstari mmoja. Usidanganyike na namba ya usajili pia. Dalali atakwambia "hii ni namba D, bado mpya", kumbe namba inaonyesha lini gari lilisajiliwa nchini, siyo lini lilitengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi.

Ninaposema ya zamani nina maana ya toleo la 1993 hadi 2002. Mengi yalitufikia kwa sababu Japani ilibana sheria za moshi. Mwezi Oktoba 2003 Tokyo ilipiga marufuku malori ya dizeli yasiyotimiza viwango vyake, na wenyewe wakayauza nje. Ya kisasa ni toleo lililoanza 2010, lenye injini ya 4P10 ya lita 3.0. Ile 4D33 ni ya lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta.

Hapo kwenye pampu ndipo penye uamuzi wote. Kutoka Ilula hadi Dar ni kama kilomita 450, na nyanya husafiri usiku ili ziwahi soko alfajiri. Gari la zamani likizima Ruaha Mbuyuni saa saba usiku, fundi wa pale anafungua nozeli, anatoa hewa kwenye mfumo wa mafuta, anabadilisha chujio, mnaondoka. Gari la kisasa likiwasha taa ya injini kwenye dashibodi, huenda tatizo ni sensa moja ndogo, lakini bila mashine ya kulipima hakuna anayejua ni ipi. Matenga ya chini yameanza kuvuja maji, na bei ya sokoni haikusubiri.

Mafuta nayo usiyasahau. Injekta za 4P10 hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Maji kidogo au dizeli iliyochakachuliwa huziua, na bei ya injekta moja inatisha. Magari hayo kwa soko la Japani yana chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi la pili la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Uliza kabisa: chujio lipo au liling'olewa? Kama liling'olewa, nani alirekebisha kompyuta? Na kama giaboksi ni ile ya Duonic, inayobadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili, mimi ningeiacha nikatafuta yenye gia za mkono.

Lakini ya kisasa ina haki yake, na mlima Kitonga, ulioko njiani kwetu kwenda Dar, ndio unaoitetea. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda juu, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana 4D33 ikirudi kutoka Dar na simenti inapanda Kitonga ikitoa moshi mweusi na kutambaa. Ya kisasa, kwa kuwa ina turbo, inapanda bila kulia. Na kushuka, jambo kubwa zaidi kwetu kwa sababu mzigo wa nyanya unashuka, breki zake za diski zinavumilia joto kuliko za ngoma. Breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini yenyewe ilizuie gari, kwenye magari ya zamani mara nyingi nimeikuta imekufa. Usinunue gari la kushuka Kitonga bila hiyo. Na dereva anayeachia free au kuzima injini mlimani ili aokoe mafuta, mshushe: injini ikizimika, breki hupoteza msaada wake na mguu hautoshi.

Kwa hiyo jaribio langu ni hili. Nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse uhakikishe ni baridi. Washa, tazama moshi: wa bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Hewa ikisukuma kwa nguvu, ringi zimechoka. Ingia chini na nyundo ndogo, gonga chesisi nyuma ya kabini na kwenye vikalio vya springi. Magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani huliwa na chumvi wanayomwaga barabarani, na rangi mpya nyeusi inaficha kutu. Kisha pakia mzigo, ushuke Kitonga hadi Mahenge, geuza, upande. Juu mlimani tazama kipimo cha joto na utafute mvujo kwenye rejeta. Fanya hivyo kwa magari yote mawili, mzigo ule ule, tangi likijazwa kwenye kituo kile kile cha mafuta kabla na baada, ujue lipi linakula zaidi.

Bodi watu huipuuza. Ya kisasa ikija na boksi lililofungwa, nyanya zitachemka humo. Weka kwenye hesabu gharama ya bodi ya pembeni wazi yenye turubai.

Mimi, kwa mwenye gari moja wa Ilula, bado nachagua 4D33 yenye chesisi nzima na breki zilizotengenezwa upya zote, na fedha inayobaki iwe ya matairi na ovahoo. Mwenye magari matatu, mwenye fundi wake na mashine ya kupimia, achukue ya kisasa. Mafuta itakayookoa ni mengi na dereva hatafika amechoka. Kabla ya kumjibu dalali, piga simu maduka ya spea ya Iringa mjini na ya Dar, uulize bei ya nozeli ya 4D33 na injekta ya 4P10, na kama zipo dukani leo au ni za kuagiza.