Mitungi ya kituo cha CNG: usiulize bei kwanza

Mdogo wangu wa Dar es Salaam, barua yako nimeisoma. Wewe na wenzako mnataka kufungua kituo cha CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa), mmeletewa ofa tatu za mitungi ya kuhifadhia gesi, na unauliza ipi ina nafuu. Dada yako nakuomba uanze na maswali mengine: ipi itahudumia foleni ya bajaji na magari ya jioni, na ipi mtamudu kuikagua miaka yote?

Gari hujazwa hadi baa 200 hivi, na kituoni gesi huhifadhiwa karibu baa 250. Ukiunganisha mitungi yote pamoja, magari machache tu yatashusha presha chini ya 200. Gesi itakuwepo tele, lakini gari halitajaa. Ndiyo maana hifadhi hugawanywa makundi matatu. Gari huanza kuchota kwenye kundi la presha ya chini, likaja la kati, kisha la juu likamalizia. Kompresa nayo hulijaza la juu kwanza. Muuzaji asiyeweza kukueleza mpangilio huu, muogope.

Sasa tuje kwenye ofa zenu. Mitungi midogo ya chuma iliyopangwa kwenye fremu haihitaji mtaji mkubwa, na mnaweza kuiongeza kidogo kidogo. Tatizo ni kwamba kila mtungi una valvu na viungo vyake, na kila kiungo ni mahali gesi inapoweza kuvuja. Siku ya kupimwa, hufunguliwa mmoja mmoja.

Mitungi mirefu ya chuma ni ghali mwanzoni, inataka winchi na msingi imara wa zege. Lakini ni michache, viungo vyake ni vichache, na kuisimamia ni rahisi.

Ile ya nyuzi za kaboni ni miepesi. Faida yake iko kwenye lori linalobeba gesi kutoka kituo mama (kile kilichounganishwa na bomba), kwa kuwa lori hubanwa na mizani. Mtungi unaokaa palepale, wepesi wake mnaulipia wa nini?

Kwa hiyo, kama bomba la gesi linafika kiwanjani kwenu na fedha ipo, chukueni mirefu ya chuma. Fedha ikiwa haitoshi, anzeni na midogo, ila gharama ya kuipima iingie kwenye hesabu tangu sasa. Na msiruke mashine ya kukausha gesi, maana unyevu hula chuma kwa ndani.

Kabla ya kusaini, dai cheti cha kila mtungi: presha yake ya kazi, mwaka uliotengenezwa, tarehe ya kupimwa na mara ngapi unaruhusiwa kujazwa, kwa sababu chuma huchoka kwa kujazwa na kupunguzwa gesi kila siku. Vyeti hivyo mtavihitaji pia mkienda EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuomba leseni. Mtungi usio na cheti uacheni, hata mkipewa kwa nusu bei. Vijana wenu wa pampu watashinda karibu nao kutwa nzima, na usalama wao uko mikononi mwenu.