SOMO LA SHERIA ZA KAZI: DEREVA WA TEKSI YA SIMU NI NANI?

Mtu akiandikwa katika mkataba kuwa amejiajiri mwenyewe, jee, jina hilo peke yake latosha kumwondolea haki za mfanyakazi? Suali hili liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 19 Februari, 2021, katika shauri baina ya madereva wa London na kampuni ya Uber.

Madereva hao, wakiwemo Yaseen Aslam na James Farrar, walishinda kwanza katika Baraza la Kazi mwaka 2016. Kampuni ilikata rufaa mara tatu na mara zote ikashindwa. Hoja yake ilikuwa kwamba yenyewe ni wakala tu wa kuwatafutia madereva abiria, na kila dereva anaendesha biashara yake.

Mahakama haikuanzia kwenye karatasi bali iliangalia kazi inavyofanyika. Nauli ilipangwa na kampuni, na dereva hakuruhusiwa kutoza zaidi. Masharti aliyapokea kama yalivyoandikwa. Aliyekataa safari kwa mfululizo alitolewa katika programu kwa dakika 10. Alama alizopewa na abiria zikishuka, aliweza kuondolewa kabisa. Tena alizuiwa kuendeleza mawasiliano na abiria baada ya safari. Mfanyabiashara gani huyo, asiyepanga bei wala kujiwekea mteja? Majaji wote waliafikiana kuwa ni mfanyakazi.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu hukosewa. Sheria ya Uingereza ina daraja tatu: mwajiriwa, mfanyakazi, na aliyejiajiri. Madereva waliwekwa daraja ya kati, wakastahiki kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hawakuipata, kwani hiyo ni ya mwajiriwa.

Zito zaidi lilikuwa suala la saa. Mahakama ilikubali kuwa kazi huanza dereva anapofungua programu, akiwa katika eneo la leseni yake na tayari kupokea safari. Mwezi Machi, 2021 kampuni ilitangaza kuwapa haki hizo madereva wake zaidi ya 70,000, lakini kima cha chini kihesabiwe tangu safari inapokubaliwa. Saa za kungojea abiria, ambazo dereva yeyote anajua urefu wake, ziliachwa nje.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Zanzibar, iliyotunga Sheria yake ya Ajira, Nam. 11, mwaka 2005. Hata hivyo, dereva wa daladala anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni anaijua hoja yenyewe: nani anapanga hesabu, nani aweza kumpokonya ufunguo, na gari ikiharibika nani anabeba hasara. Mwenye mzozo wa aina hiyo anashauriwa kufika Kamisheni ya Kazi na mkataba wake, ikiwa upo. Na ikiwa haupo, achukue daftari la hesabu na ujumbe wa simu aliotumiwa na tajiri.