Somo la Kompyuta: Panga Doki, Kila Mwanachama Akione Kitabu



Siku hizi kuna vikundi ambavyo vimepata kompyuta. Ni jambo la kushukuru, lakini lina mtego wake. Daftari la mikopo likiwa mezani, mwanachama yeyote anaweza kulifungua. Likiingia kwenye kompyuta, mara nyingi ni mtu mmoja tu anayejua limewekwa wapi. Tuseme mweka hazina amesafiri, na mama mmoja anataka kujua amebakisha deni la shilingi ngapi. Ofisi iko wazi, kompyuta inawaka, na bado hapati jibu. Hapo minong'ono huanza, na kikundi cha minong'ono hakidumu.

Dawa moja ni ndogo, tena haina gharama: kupanga doki.

DOKI NI NINI?

Doki ni ule mstari wa picha ndogo ulio pembeni mwa kioo cha kompyuta. Kila picha ni mlango wa programu moja. Ifikirie kama rafu ya jikoni. Sufuria ya kila siku inakaa karibu na mkono, ile kubwa ya harusi inakaa stoo.

Tutatumia mfano wa Ubuntu, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, uliotoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Jina lenyewe ni la lugha za kusini mwa Afrika, na ni ndugu wa neno letu "utu". Tangu toleo la Oktoba 2017, doki yake husimama upande wa kushoto. Kompyuta za Windows zina mstari wa namna hiyo chini ya kioo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kaeni pamoja, mkubaliane ni programu gani kikundi kinatumia kila wiki. Kwa wengi nne zinatosha: Files ya kufungulia makabati ya faili, Calc ya hesabu, Writer ya barua na kumbukumbu za mikutano, na Firefox ya intaneti.

2. Bonyeza alama ya mwisho kabisa kwenye doki. Programu zote zitatokea, kama mtu amefungua stoo.

3. Tafuta Calc. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague maneno "Pin to Dash". Kwa matoleo ya zamani ni "Add to Favorites", na kwa Windows ni "Pin to taskbar". Calc sasa itabaki kwenye doki hata kompyuta ikizimwa. Fanya hivyo kwa zile nyingine.

4. Picha msizohitaji, kama ya muziki, ziondoeni kwa kitufe hicho hicho cha kulia. Usiogope! Ukiondoa picha kwenye doki hujafuta programu. Umeirudisha stoo tu.

5. Shika picha kwa kipanya, uivute juu au chini hadi mahali pake. Ile ya kazi nyingi iwe ya kwanza. Ukishikilia kitufe chenye alama ya Windows ukabonyeza 1, programu ya kwanza itafunguka. Ukibonyeza 2, ya pili.

6. Angalia kitone kidogo kando ya picha. Maana yake programu hiyo tayari iko wazi. Kazi yako ikijificha nyuma ya nyingine, usianze upya. Bonyeza picha yake, itarudi mbele.

KALAMU SI DAFTARI

Hapa wengi huchanganyikiwa. Calc ni kalamu, daftari ni faili. Doki inakupa kalamu, lakini daftari lazima liwe na mahali pake panapojulikana. Fungua Files, tengeneza kabati moja ndani ya Documents, ulipe jina la kikundi. Humo wekeni faili zenye majina ya wazi, kama "Mikopo" na "Mikutano". Jina kama "kazi mpya 2" halimsaidii mtu.

Kubalianeni pia nani anaandika na nani anasoma tu. Kitabu kuwa wazi si ruhusa ya kila mtu kubadilisha hesabu. Na namba za siri za benki au za simu zisiandikwe humo kabisa.

ZOEZI LA KIKUNDI

Katika mkutano ujao, mweka hazina akae nyuma, asiseme neno. Mwanachama mwingine, hata asiyejua sana kompyuta, aambiwe atafute mikopo ya mwezi uliopita kwa kutumia doki. Akiipata, mmefaulu. Akishindwa, mpangilio ndio urekebishwe, yeye asichekwe.

Halafu jadilianeni:
- Ni wanachama wangapi wanaweza kufungua kitabu cha kikundi leo?
- Mwenye kujua akihama, tutabaki na nini?

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mali ni ya wote, basi njia ya kuiona nayo iwe ya wote.