SOMO LA KIKUNDI: Sarafu za Zamani na Historia ya Familia



Somo la mwezi huu linatoka ndani ya mkebe. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, kuanzia Kiritiri hadi Gachoka na Siakago, nyanya ana mkebe wa zamani au kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani kuna pesa ambazo hazinunui kitu tena dukani. Watoto huzichezea. Siku nyingine anapita mnunuzi wa vyuma chakavu, kijana wa nyumbani anamwuzia, basi zimeenda. Na nyanya naye akishazikwa, hakuna wa kuulizwa zilitoka wapi.

Lengo la somo: Kila mwanakikundi aweze kusoma sarafu ya zamani, amwulize mzee maswali yanayofaa, na aandike historia ya nyumba yake kabla wenye kuijua hawajatuacha.

Vitu vya kuleta: Sarafu (mwenyewe azishike, zisikusanywe na kikundi), daftari, penseli, na mzee mmoja au wawili.

1. SARAFU INASEMA NINI?

Hebu tazama pande zote mbili. Kuna mambo matatu ya kutafuta: jina la nchi, jina au kichwa cha mtawala, na mwaka. Yapange hivi:

(a) Rupia. Hizi ndizo pesa za kwanza za kikoloni. Nyingi zilitoka India, lakini Kampuni ya Imperial British East Africa ilitengeneza yake yenye jina Mombasa na mwaka 1888. Hata neno "pesa" limetoka India, kwa sarafu ndogo iliyokuwa sehemu ya rupia.

(b) Senti za rupia. Kuanzia mwaka 1906 zilitoka senti zenye maandishi EAST AFRICA & UGANDA PROTECTORATES. Senti 100 zilikuwa rupia moja. Baadhi zina tundu katikati, na watu waliweza kuzitunga kwenye kamba.

(c) Shilingi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaja florini, na mwaka 1921 florini ikaacha nafasi kwa shilingi. Rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Shilingi hiyo ina simba, na nyuma yake milima. Wazee wanakumbuka ndururu (senti 5) na sumuni (senti 50). Maandishi ni EAST AFRICA, na jina la mfalme limeandikwa kwa herufi za kizamani, U ikiwa kama V: GEORGIVS. George wa Tano alitawala mpaka Januari 1936. Edward wa Nane alikaa mwaka 1936 tu akaacha kiti. George wa Sita akafuata mpaka 1952, kisha Malkia Elizabeth wa Pili.

(d) Pesa za Kenya. Benki Kuu ya Kenya ilianza mwaka 1966, na sarafu zetu zikatoka na kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta. Kuanzia 1980 kuna za Rais Moi. Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, ndiyo sababu zile zilizotoka Desemba 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba na ndovu.

2. KWA NINI WAZEE WETU WALIHITAJI SARAFU?

Huku kwetu mali ilikuwa mbuzi, ng'ombe, asali na mtama. Mahari ilihesabiwa kwa mifugo. Sarafu iliingia nyumbani hasa kwa sababu ya kodi. Waingereza walipoishinda Embu kwa vita mwaka 1906, walifungua kituo cha serikali, na kodi ya nyumba ikafuata. Kila nyumba ilihesabiwa, kwa hivyo mzee mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Mtoza kodi alitaka pesa. Basi mzee aliuza mbuzi, au kijana akaenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi au Nairobi. Wengine walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918.

Kodi hiyo ilipanda hadi shilingi 16. Watu wakalalamika sana, Harry Thuku akiwa mmoja wa waliosema wazi mpaka akakamatwa Machi 1922. Mwaka huo kodi ikashushwa ikawa shilingi 12.

Kwa hiyo ukiona shilingi ya 1922 mkebeni, usiulize tu "Hii ni ya bei gani?" Uliza: "Ni nani katika nyumba yetu aliyetoka kwenda kuitafuta, na ni nani aliyebaki kulima?"

3. MFANO: MKEBE WENYE SARAFU TATU

Tuseme nyanya mmoja ana senti 10 yenye tundu ya mwaka 1936 na jina EDWARDVS VIII, shilingi ya 1952 ya George wa Sita, na shilingi ya Kenyatta ya 1966. Mjukuu anasema, "Hii ya tundu babu alipewa alipotoka vita vya Wajerumani mwaka 1918. Ndivyo tulivyoambiwa."

Je, inawezekana? Haiwezekani. Sarafu ya 1936 haikuwako mwaka 1918. Lakini msikimbilie kusema kwamba nyanya amedanganya. Pengine babu alienda vitani kweli, na pesa aliyokuja nayo ilikuwa rupia. Rupia zilipoondolewa, aliyekuwa nazo ilimbidi azibadilishe au abaki na chuma tu. Sarafu inabadilishwa, hadithi inabaki na kuhamia kwa sarafu nyingine. Au pengine vita vilivyosemwa ni vya pili, vya 1939 hadi 1945, ambavyo pia vilikuwa vya Wajerumani. Hapo sasa mna swali zuri la kumwuliza nyanya.

Kuna kanuni mbili za kukumbuka:

Kwanza, mwaka wa sarafu unakwambia haikuweza kuingia mkebeni kabla ya mwaka huo. Haukwambii iliingia lini. Ile ya 1936 ingeweza kupatikana sokoni hata mwaka 1955.

Pili, sarafu ya mwisho ndiyo inayokwambia mkebe ulikuwa bado unatumika. Katika mfano wetu, nyanya alikuwa akiweka pesa humo mwaka 1966 au baadaye. Kwa nini aliacha? Alianza kuweka benki? Alifiwa? Au njaa ilikuja? Yeye ndiye anayejua.

4. JINSI YA KUMWULIZA MZEE

Usimwulize, "Ilikuwa mwaka gani?" Wazee wengi hawakuhesabu hivyo, hata siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa. Uliza kwa mambo anayoyakumbuka:

- Ulikuwa umeshatahiriwa au umeshaolewa? Rika lako linaitwaje?
- Ni mtoto gani alikuwa mgongoni wakati huo?
- Mlikuwa mnakaa wapi? Mlihama lini, na kwa nini?
- Ilikuwa kabla ya njaa gani? Kabla au baada ya mabwawa ya Tana?

Swali hilo la mwisho linasaidia sana huku chini. Kindaruma ilimalizika 1968, Kamburu 1974, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Njaa nazo zina majina. Majirani zetu Wakamba waliipa ile ya 1984 jina lenye maana ya "ninakufa nikiwa nimeshika pesa", kwa sababu pesa ilikuwapo lakini chakula cha kununua hakikupatikana. Hilo nalo ni somo kwa kikundi kinachoweka akiba ya pesa bila kuweka ndengu na kunde ghalani.

Mmoja aulize, mmoja aandike, wengine wanyamaze. Mzee akichoka, acheni mpaka siku nyingine. Kama kuna jambo ambalo hataki kusema, msimlazimishe.

5. MAMBO YA KUANGALIA

- Usisugue sarafu kwa majivu, mchanga au waya. Unafuta maandishi, na hata thamani yake inashuka. Ifute kwa kitambaa laini tu.
- Weka karatasi juu ya sarafu, pitisha penseli polepole, na picha itatokea. Mwenye simu apige picha pande zote mbili.
- Msidanganywe. Shilingi za King George zilitengenezwa kwa mamilioni, na za 1921 hadi 1946 ni robo tu ndiyo fedha. Mtu akisema sarafu yako ina madini ya siri na itauzwa kwa mamilioni, lakini kwanza utoe pesa ya "kupima", huyo ni mwizi.
- Sheria ya makumbusho ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kuwa cha kale. Hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Ukiwa na rupia ya 1888, jua hilo.
- Sarafu si hati ya shamba. Kazi ya kupima na kuandikisha mashamba ilipofika Mbeere katika miaka ya 1970, kesi nyingi za koo zilitegemea maneno ya wazee. Tuliona uchungu wake. Andikeni historia ili watoto wajue walikotoka. Msiandike ili kumshinda jirani. Pale ambapo wazee wawili hawakubaliani, andikeni maneno ya wote wawili.

6. KAZI YA KIKUNDI

Katika daftari chora nafasi tano: sarafu na mwaka wake, nani anayo, aliipata kwa nani, alifanya kazi gani kuipata, nani ametusimulia na tarehe ya leo. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mzee, nyingine kwa mwandishi wa kikundi. Anayetaka kuuza baadaye ni haki yake, lakini aandike kwanza.

Maswali ya kujadiliana:

1. Ni nani katika familia yako alikuwa wa kwanza kufanya kazi ya mshahara? Alienda wapi?
2. Wakati wanaume walikuwa mbali wakitafuta kodi, wanawake walifanya kazi gani za ziada?
3. Akiba ya nyanya katika mkebe na akiba ya kikundi chetu zinafanana wapi? Zinatofautiana wapi?
4. Ni mzee gani kijijini tunayepaswa kumtembelea wiki hii, si mwezi ujao?

Katika Luka 15 kuna mama aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi. Aliwasha taa, akafagia nyumba yote mpaka akaiona, kisha akawaita majirani wafurahi pamoja naye. Mkimaliza daftari lenu, iteni majirani. Someni kwa sauti, na nyanya akae mbele asikie.